Waranti imeisha, haki haijaisha



Leo siongelei Tume wala Msajili. Naongelea kitu kidogo kinachoingia kwenye mfuko wa koti: hadidiski. Ile "eksteno" nyeusi ambayo katibu wa tawi anaifunga kwenye mfuko wa nailoni, anaiweka kabatini, halafu anatuambia kwa kujiamini kabisa, "kila kitu kipo humu."

Likizo ya mwaka juzi, mimi na vijana wenzangu wachache tulizunguka vijiji vya Ngara na Biharamulo, upande wa Rulenge na Murusagamba, kisha Nyakahura na Lusahunga. Kazi ilikuwa moja: kupiga picha karatasi za watu. Mihtasari ya mikutano mikuu ya vijiji, barua za kugawiwa shamba, stakabadhi za michango, hukumu za mabaraza. Tulifanya hivyo kwa sababu kwetu mgogoro wa ardhi hauishi, na mara nyingi anayeshindwa ana haki, ila hana karatasi. Mchwa wamekula, mvua imelowanisha, au ofisi ya kijiji imehama na faili halijahama.

Picha zote tukaziweka kwenye eksteno moja mpya, tuliyoinunua dukani mjini kwa pesa za kuchangishana. Miezi kumi na minne baadaye ikaanza kulia, tik, tik, tik. Kompyuta haikuiona tena. Nikairudisha dukani. Muuzaji hakuwa mtu mbaya, alinijibu kwa upole kabisa: "Dada, waranti ilikuwa mwaka mmoja. Imeisha. Labda ununue nyingine."

Ndani ya hiyo diski kulikuwa na muhtasari wa mkutano wa kijiji unaoonyesha bibi mmoja mjane aligawiwa shamba lake. Nakala yake mwenyewe ilishaharibika. Simu tuliyopigia picha ilishauzwa. Kesi yake iko mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mimi ndiye niliyemwambia, "Bibi usijali, tumeitunza."

Kwa hiyo hili si suala la vifaa vya kielektroniki tu. Ni suala la nani anabeba hasara pale kitu alichouziwa maskini kinapokufa kabla ya wakati wake.

Mwaka mmoja ulitoka wapi?

Wengi tunadhani mwaka mmoja wa waranti ni sheria ya asili, kwamba mafundi walipima wakaona diski inaishi mwaka mmoja. Si kweli. Ni uamuzi wa biashara, na historia yake inajulikana.

Hadi mwaka 2002, diski nyingi za kompyuta za mezani zilikuwa na waranti ya miaka 3. Oktoba mwaka huo, kampuni tatu kubwa za Marekani, yaani Seagate, Maxtor na Western Digital, zikapunguza kwa pamoja hadi mwaka 1 kwa diski zao nyingi za kawaida. Mwaka 2004 Seagate ikageuka, ikatangaza miaka 5 ili kuvutia wateja. Diski hazikuwa zimegeuka kuwa za chuma cha pua ndani ya miaka miwili. Soko ndilo lililogeuka.

Kisha yakaja mafuriko ya Thailand mwaka 2011. Nchi ile ilikuwa kitovu cha utengenezaji wa diski duniani, na viwanda vya Western Digital viliingiliwa na maji. Bei zikapanda dunia nzima. Desemba ya mwaka huohuo, wakati mteja analipa bei ya juu kuliko jana, kampuni zikatangaza kupunguza waranti: Seagate ikashusha diski zake nyingi za kawaida hadi mwaka 1, na Western Digital ikashusha baadhi ya zake kutoka miaka 3 hadi 2 kuanzia Januari 2012. Seagate ilieleza kwamba inajiweka sawa na desturi ya soko la vifaa vya kielektroniki na kwamba itapata fedha za kuwekeza kwenye teknolojia.

Angalia pia nani alibaki sokoni. Seagate iliinunua Maxtor mwaka 2006, ikachukua biashara ya diski ya Samsung mwaka 2011. Western Digital ikachukua ya Hitachi mwaka 2012. Leo diski zote hizi zinazozunguka zinatoka kwa kampuni tatu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Wauzaji wakiwa watatu, mteja wa Kabanga atatishia kuhamia wapi?

Na kuna jambo moja linaloonyesha wazi ninachosema. Wakati diski za kawaida zinapunguziwa, Western Digital iliendelea kuuza diski zake za Black, za bei ya juu, kwa waranti ya miaka 5. Ukilipa zaidi, kampuni inakubali kubeba hatari ya miaka mitano. Ukilipa kidogo, hatari unabeba wewe. Kwa hiyo waranti haikuambii tu diski itaishi muda gani. Inakuambia mtengenezaji amekubali kukubebea hasara hadi lini.

Kwani diski hufa kweli?

Zinakufa, na si siri. Ndani ya hadidiski kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Makaratasi ya watengenezaji huandika kwamba wastani wa muda kabla ya hitilafu ni saa 1,000,000 au zaidi. Ukigawanya, hiyo ni zaidi ya miaka 114! Mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Bianca Schroeder na Garth Gibson, walichunguza rekodi za diski zipatazo 100,000 zilizokuwa kazini. Kwa hesabu za makaratasi, diski zilizopaswa kubadilishwa kwa mwaka hazikutakiwa kuzidi asilimia 0.88. Walichokikuta ni kwamba asilimia 2 hadi 4 ilikuwa kawaida, na sehemu nyingine ilifika 13.

Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayohifadhi data za watu kwenye mamia ya maelfu ya diski, imekuwa ikichapisha takwimu zake tangu 2013. Miaka ya karibuni hupoteza kati ya diski 1 na 2 katika kila 100 kwa mwaka. Si mbaya. Lakini hizo ziko kwenye chumba chenye kiyoyozi na umeme usioyumba, hazijawahi kupanda bodaboda.

Sasa leta diski hiyohiyo kwetu. Ngara na Biharamulo tumeishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta ya dizeli kabla ya gridi kutufikia, na hata sasa hakuna anayeshangaa taa zikizimika mara tatu kwa jioni moja. Kila umeme unapokatika ghafla wakati diski inaandika, unacheza kamari na faili lako. Ongeza vumbi la kiangazi, ongeza begi linalorushwa juu ya keria ya basi kutoka Nyakanazi. Hali yetu ilihitaji waranti ndefu zaidi, lakini sisi ndio tunaopewa ile fupi, tena ya maneno ya mdomo.

Sheria inasemaje?

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hata mimi kabla ya kusoma sheria niliamini kwamba waranti ikiisha, mchezo umeisha.

Waranti ya mtengenezaji ni ahadi ya ziada. Haki yako ya msingi inatoka kwenye sheria, na anayewajibika kwanza ni aliyekuuzia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kifungu cha 16, inaingiza ndani ya mkataba masharti ambayo hata hamkuyataja: ukinunua kwa maelezo kutoka kwa mtu anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo, bidhaa iwe na ubora unaouzika, na ukimweleza muuzaji unaitaka kwa kazi gani huku ukitegemea ujuzi wake, kwa kawaida inapaswa kuifaa kazi hiyo. Halafu kuna Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani (FCC). Hiyo inakataza kumpotosha mlaji, inagusa masharti yanayoingia katika mikataba ya walaji, na inagusa wajibu wa watengenezaji.

Na muda je? Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 ya kufungua madai yanayotokana na mkataba. Miaka sita, makamanda. Ule mwaka mmoja wa kwenye boksi haufuti sheria ya nchi.

Vipi lile tangazo, "Mali ikishauzwa hairudishwi"? Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1949, Olley dhidi ya Marlborough Court, ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua. Mgeni alilipia hoteli mapokezi, akapanda chumbani, akakuta tangazo kwamba hoteli haiwajibiki kwa mali iliyoibiwa. Koti lake la manyoya likaibiwa. Mahakama ikasema tangazo limechelewa, mkataba ulishafungwa mapokezi. Kesi ya Uingereza haizifungi mahakama zetu, lakini kanuni yake inashawishi: sharti linalokujia kwenye risiti baada ya kulipa limekuja mkataba ukiwa umeshafungwa.

Basi mbona hatushindi?

Kwa sababu haki ya kwenye karatasi ina matundu, na ni lazima tuyataje bila kujidanganya.

Tundu la kwanza ni ushahidi. Sheria ya Ushahidi inasema anayedai ndiye anayethibitisha. Mimi nikienda mahakamani, lazima nionyeshe kwamba diski ilikuwa na kasoro tangu siku ya kuuzwa, na kwamba sikuiangusha. Nitathibitishaje nikiwa Ngara? Nani ana maabara ya kufungua diski?

Tundu la pili: sheria yetu ya mauzo ni ya enzi za mkoloni, imejengwa juu ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Inaruhusu pande mbili kukubaliana kuondoa masharti hayo. Mwenye duka na mwenye shida wanaitwa "pande mbili" kana kwamba wana nguvu sawa.

Tundu la tatu ni umbali. Ofisi ya FCC ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Ni kweli daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 na kivuko hatukisubiri tena, lakini nani atapanda basi kutoka Rusumo hadi Mwanza, alale, ale, arudi, kwa ajili ya diski moja? Nauli na malazi tu vinatosha kumkatisha tamaa.

La nne ni sisi wenyewe. Nilipoulizwa risiti, nilikuwa na kikaratasi cha mkono, hakina namba ya diski, hakina hata jina la bidhaa. Kimeandikwa "mzigo 1."

Hapo kwenye risiti kuna jambo la kisiasa. Miaka yote tunaimbiwa: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Vizuri, kodi ilipwe. Lakini ni nani amewahi kusikia gari la matangazo likisema, "Dai risiti kwa sababu ndiyo silaha yako bidhaa ikiwa mbovu"? Serikali inaijua risiti ya EFD kama chombo cha kukusanya, haiijui kama chombo cha kumlinda aliyelipa. Mwananchi anatambuliwa wakati wa kutoa pesa, akirudi na kilio hatambuliwi.

Wenzetu wanafanyaje?

Umoja wa Ulaya, tangu agizo lake la mwaka 1999, unamtaka muuzaji awajibike kwa mlaji kwa angalau miaka 2. Agizo jipya la mwaka 2019 limeongeza kwamba kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza, inachukuliwa ilikuwepo tangu mwanzo, na muuzaji ndiye athibitishe vinginevyo. Kampuni ni zilezile, viwanda ni vilevile. Hazikufunga biashara Ulaya.

Tusiende mbali. Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Katiba yetu ya 1977 haina ibara ya namna hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia Katiba Mpya ni ajenda ya wanasiasa wanaotaka vyeo, mwonyeshe diski iliyokufa. Mwambie hata hii imo.

Tunachotaka

Napendekeza vijana wa chama tubebe madai haya, kuanzia kwenye mabaraza yetu ya kata hadi ilani:

1. Muda wa chini wa kisheria wa miaka 2 kwa vifaa vya kielektroniki, ambao muuzaji hawezi kuufuta kwa mhuri wa "hairudishwi."

2. Kasoro ikitokea ndani ya mwaka wa kwanza, mzigo wa kuthibitisha uwe wa muuzaji na aliyeingiza bidhaa, si wa mnunuzi. Na muuzaji mdogo wa Biharamulo apewe njia ya wazi ya kumdai aliyemuuzia yeye. Hatutaki kumwangushia mzigo mwenye duka wa kwetu halafu muingizaji wa jumla abaki salama.

3. Malalamiko yapokelewe wilayani, kwa afisa biashara wa halmashauri, na kupelekwa FCC bila mlalamikaji kusafiri.

4. Masharti ya waranti yaandikwe kwa Kiswahili na yaonekane kabla ya kulipa. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Basi na boksi la diski lizungumze Kiswahili.

5. Mnunuzi asilazimishwe kukabidhi data zake ili apate haki yake. Ukirudisha diski kwa waranti, unairudisha na kila kilichomo. Kwa chama kama chetu, hiyo inaweza kuwa orodha ya wanachama wa kata nzima na namba zao za simu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Itumike hapa pia.

Na sisi tuna la kujibu

Najua kuna atakayesema, "Dada, hata ungepewa diski mpya, muhtasari wa bibi ungerudi?" Hapana, usingerudi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Waranti, hata ya miaka mitano, inarudisha kifaa tu. Watengenezaji wenyewe huandika wazi kwamba hawabebi gharama ya kurejesha data zilizopotea. Sheria nzuri itamrudishia tawi pesa yake. Kumbukumbu zitarudi iwapo tu kuna nakala nyingine mahali pengine.

Kwa hiyo, makatibu, naomba haya yafanyike bila kusubiri Bunge. Kila kitu muhimu kiwe na nakala tatu: mbili kwenye vifaa viwili tofauti, ya tatu iwe mbali, nyumba nyingine au wilaya nyingine. Ya Ngara ikae Biharamulo, ya Biharamulo ikae Ngara. Zenye majina ya watu zifungwe kwa nywila. Ukinunua diski, dai risiti ya EFD, andika namba ya diski nyuma yake, ipige picha, maana karatasi ya EFD hufifia. Mwambie muuzaji mbele ya shahidi unainunua kwa kazi gani. Ikianza kulia, usiizimezime na kuiwasha kama redio. Iache, tafuta fundi. Na karatasi halisi usiitupe eti kwa sababu "tumeshaskani."

Chama kisichoweza kutunza muhtasari wa tawi lake kitatunzaje fomu ya matokeo siku ya siku?

Kuhusu bibi: tumerudi kijijini. Tunawatafuta wajumbe waliohudhuria mkutano ule, maana ushahidi wa mdomo nao ni ushahidi. Watatu wako hai, mmoja kahamia Kakonko. Nimemweleza bibi ukweli wote, kwamba kosa la kuweka kila kitu mahali pamoja lilikuwa letu. Alinisikiliza, kisha akaniuliza swali moja ambalo bado sina jibu lake: "Mjukuu wangu, kama mwenye kuuza alijua kinaweza kufa, kwa nini hakukwambia?"

Hilo swali ndilo sheria inapaswa kulijibu. Mapambano yanaendelea.